Kumuuguza nyumbani aliyebadilishiwa valvu ya moyo: wiki nane za mwanzo

Mdogo wangu alibadilishiwa valvu ya moyo, ule mlango mdogo unaoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, akiwa na miaka 24. Siku aliporuhusiwa, muuguzi alinikabidhi mfuko wa dawa, kadi ndogo ya valvu na karatasi mbili za maelekezo, akaniambia: "Dada, ya kwetu tumemaliza. Sasa ni zamu yenu." Wodini alikuwa na wauguzi usiku na mchana. Nyumbani Morogoro alikuwa na mimi na mama. Usiku ule wa kwanza nilikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda chake nikisikiliza valvu ikigonga, tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyofichwa chini ya mto. Mlio huo ni wa kawaida kwa valvu ya chuma, lakini hakuna aliyekuwa ameniambia, na sikulala hadi adhana ya alfajiri.

Mwongozo huu ni ule niliotamani niukute usiku ule. Naandika zaidi kuhusu mtu aliyepasuliwa kwa kufunguliwa kidari na kuwekewa valvu ya chuma (tunaiita ya chuma, ingawa sehemu yake kubwa ni kaboni ngumu), kwa sababu ndiyo wanayopewa vijana wetu wengi ambao valvu zao ziliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maambukizi ya koo na kushambulia moyo. Aliyewekewa valvu inayotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au nguruwe atafuata mambo mengi yale yale, isipokuwa kwenye dawa, na huko nitasema. Daktari wake akielekeza tofauti na nilivyoandika, mfuateni daktari. Yeye ameuona moyo wenyewe.

Hatua ya 1: Usitoke wodini bila daftari

Nunua daftari la kurasa 96, lile la shule. Kabla hujasaini karatasi za kuondoka, kaa na muuguzi au daktari, andika majibu ya maswali haya kwa mkono wako: Valvu gani imebadilishwa, na ni ya chuma au ya tishu? INR yake (kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda) inatakiwa iwe kati ya ngapi na ngapi? Leo usiku anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu ngapi? Kipimo kijacho ni tarehe ngapi, na hapa tunapoishi maabara gani inapima? Sindano ya penisilini ijayo, ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi, ni lini? Likitokea jambo saa nane usiku, tunapiga namba ipi?

Swali la maabara ndilo watu wengi hulisahau. INR haipimwi kila zahanati. Sisi tuligundua tukiwa tumeshafika nyumbani kwamba kituo cha afya cha jirani hakina kipimo hicho, ikabidi tuanze kuulizia huku siku ya kupima imefika.

Piga picha kadi ya valvu kwa simu, weka na nakala kwa mtu mwingine wa familia. Kadi yenyewe mgonjwa atembee nayo maisha yake yote. Akipata ajali popote, kadi hiyo ndiyo itakayomsemea.

Hatua ya 2: Safari ya kurudi

Bodaboda hapana, kwa miezi 3 mizima. Bajaji kwenye barabara ya mashimo nayo inamtikisa kidari. Kama uwezo upo, tafuteni gari dogo, akae kiti cha nyuma, afunge mkanda na kuweka taulo lililokunjwa kati ya mkanda na kidonda. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro tulisimama mara tatu ili ashuke, atembee dakika tano, anyooshe miguu, maana damu ya aliyetoka kupasuliwa hupenda kuganda miguuni akikaa muda mrefu. Mkilazimika kupanda basi, ombeni kiti cha mbele ya matairi ya nyuma, mizigo yote abebe mwingine, na mwambieni kondakta mapema kwamba mna mgonjwa.

Hatua ya 3: Chumba, kitanda na choo

Godoro la chini halifai. Kuinuka kutoka sakafuni kunamlazimu ajisukume kwa mikono, na hilo ndilo hasa analokatazwa. Kitanda kiwe na kimo cha kiti, akikaa ukingoni nyayo zikanyage chini sawasawa. Kama ni kifupi, ongezeni godoro la pili.

Choo cha shimo kilitupa shida kuliko vyote. Kuchuchumaa na kuinuka mara kadhaa kwa siku wiki ya kwanza ni kazi nzito. Fundi wa mtaani alitutobolea tundu kwenye kiti cha mbao chenye miguu imara, tukakiweka juu ya shimo. Kiti cha plastiki kinaweza kuteleza au kufunguka miguu, kwa hiyo mkikitumia hakikisheni mtu yupo karibu. Na mgonjwa asifunge mlango kwa ndani.

Vitu vingine vya kuwa navyo chumbani: mizani ya kupimia uzito, kipimajoto, saa, mto mdogo mgumu, mswaki laini, na kengele au filimbi ya kumwitia mtu. Sauti ya aliyepasuliwa kifua haifiki mbali.

Hatua ya 4: Linda kidari kama chungu kilichotoka kuungwa

Kidari kilipasuliwa kwa msumeno, kikafungwa kwa nyaya. Nyaya zinabaki humo humo, lakini kazi ya kushika ni ya mfupa wenyewe, nao huhitaji wiki 6 hadi 8 kushikana vizuri, na kama miezi 3 kuwa imara. Katika muda huo asibebe kitu kinachozidi kilo 4 au 5.

Watu husikia kilo 5 na hawaipati picha. Ndoo kubwa ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Dumu la lita 5 tayari limefika mpakani. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 au 10, na mama aliyepasuliwa moyo akinyoosha mikono kumpokea mwanawe anayelia hatakumbuka kilo. Kwa hiyo kubalianeni mapema: mama akae, mtu mwingine amweke mtoto pembeni yake au mapajani, na mtu huyo huyo amwondoe.

Uzito si mizigo peke yake. Kusonga ugali, kukuna nazi kwenye mbuzi, kutwanga, kukamua nguo nzito, kuvuta kamba ya kisima, kusukuma geti lililokwama: kazi hizi zote zinavuta kidari pande mbili. Mama yetu alisema, "Basi mtoto atakaa kama mgeni." Tukampa kazi za mkao: kuchambua mchele, kumenya viazi, kukunja nguo kavu, kuchuma majani ya mboga kwenye vikonyo vyake. Alizifanya kwa moyo mmoja. Mtu anayeambiwa asiguse chochote huanza kujiona mzigo.

Kuinuka kitandani kuna namna yake, na inafaa mwifanyie mazoezi siku ya kwanza. Akiwa chali, akunje magoti. Ageuke ubavu mzima mzima, mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo. Ateremshe miguu ukingoni. Uzito wa miguu unaposhuka, kiwiliwili kinapanda, na kiwiko kinasaidia kidogo tu. Usimvute mkono wala usimnyanyue kwapani. Weka kiganja chako mgongoni, nyuma ya bega, umsindikize. Kuinuka kwenye kiti: asogee ukingoni, arudishe miguu nyuma, ainamishe kiwiliwili mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, asimame kwa nguvu ya mapaja, mikono imepumzika magotini.

Akikohoa, akipiga chafya au akicheka, akumbatie ule mto mdogo kwa nguvu kifuani. Wetu ulikuwa mto wa kochi uliofungwa kwenye kanga, na ulizunguka naye nyumba nzima. Kukohoa kwenyewe kusizuiwe, ndiko kunakosafisha mapafu. Kila saa akiwa macho, avute pumzi ndefu mara kumi, polepole, azibane kidogo kisha azitoe.

Mabega yasigandishwe kwa woga. Ayazungushe taratibu, ainue mkono mmoja mmoja mpaka pale panapoanza kuvuta, ashushe. Lakini akihisi mfupa wa kidari unacheza au unasagika anapogeuka, hiyo ni safari ya hospitali.

Hatua ya 5: Kidonda na kuoga

Aoge kila siku akiwa amekaa kwenye kigoda, maji ya vuguvugu, ndoo umletee wewe. Sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, povu lipite juu ya kidonda bila kusugua, kisha maji safi. Ukaushe kwa kugusagusa na taulo safi ambalo ni la kidonda tu. Asizame kwenye beseni kubwa, bwawa wala bahari mpaka kidonda kimefunga kabisa.

Usipake chochote ambacho hospitali haijakupa. Utaletewa asali, majivu, mafuta ya kila aina na unga wa majani. Walioleta wanampenda mgonjwa, wapokee kwa shukrani, uviweke kabatini. Wanawake wavae sidiria laini isiyo na waya mchana na usiku, kwa sababu uzito wa matiti huvuta mshono kutoka chini na hapo ndipo vidonda vingi hufunguka.

Wekundu unaosambaa, joto, usaha, harufu, au ukingo wa kidonda uliofunguka: nenda ukaonyeshe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Warfarini

Hapa naomba usome mara mbili. Mishono watu wanaiona, kwa hiyo wanaihurumia. Warfarini ni kidonge kidogo kisichouma, na mgonjwa anapoanza kupata nguvu anaanza kukisahau.

Damu ikigusa kitu kigeni hutaka kuganda. Kwenye valvu ya chuma, bonge la damu linaweza kuikwamisha valvu isifunguke, au likachomoka likaenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Warfarini inaichelewesha damu kuganda. INR ndicho kipimo cha uchelewaji huo: asiyetumia dawa ana kama 1. Mwenye valvu ya chuma ya mitrali (iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5, wa aota (damu inapotokea moyoni kwenda mwilini) kati ya 2 na 3, na namba kamili ya mgonjwa wako ni ile uliyoandikiwa kwenye daftari. Ikishuka chini ya hapo, bonge. Ikipanda sana, damu inavuja. Mwenye valvu ya chuma atameza maisha yake yote. Mwenye valvu ya tishu mara nyingi huambiwa miezi 3 hadi 6, ila asiache mpaka daktari aseme. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda ambazo hazihitaji INR hazifai kwa valvu ya chuma, hata kama mtu atakuambia jirani yake anazitumia. Pengine jirani huyo ana tatizo jingine.

Utasikia pia kwamba warfarini ni sumu ya panya. Ni kweli ilitumika hivyo kabla ya kuwa dawa ya binadamu miaka ya 1950. Kinachotofautisha ni dozi, na ndiyo maana tunapima.

Chagueni saa maalumu ya jioni isiyobadilika. Sisi tulichagua saa mbili kamili usiku, taarifa ya habari inapoanza. Aliyetoa dawa anaandika kwenye daftari papo hapo: tarehe, miligramu, sahihi. Soma namba iliyoandikwa kwenye kidonge au pakiti, usiamini rangi, kwa sababu kampuni hubadilika na rangi nazo hubadilika. Akisahau na akakumbuka kabla siku haijaisha, ameze. Akikumbuka kesho yake, aiache iliyopita, ameze ya leo tu, na muandike kwamba imerukwa. Kamwe msifidie kwa kumeza mbili.

Dozi ikibadilishwa leo, matokeo yake huonekana baada ya siku mbili tatu. Ndiyo sababu wiki za mwanzo hupimwa mara kwa mara, hata mara mbili kwa wiki, kisha nafasi inaongezwa INR inapotulia.

Sasa dawa nyingine. Wiki ya tano mdogo wangu aliharisha. Nilikuwa kazini, akaenda mwenyewe duka la dawa la jirani, akauziwa Flagyl, na hakusema kwamba anatumia warfarini. Hakuulizwa pia. Siku ya nne alipopiga mswaki alitema damu, na paja lake lilikuwa na alama ya zambarau ambayo hakukumbuka kujigonga. INR ilikuwa 6.2. Alilazwa, warfarini ikasimamishwa, ikapimwa kila siku hadi iliposhuka. Alipona. Mimi nilijilaumu kwa sababu orodha ya dawa hatari nilikuwa nayo kwenye daftari na sikuwa nimemsomea yeye.

Basi msomee. Metronidazo (ndiyo Flagyl), Septrin na dawa ya fangasi iitwayo flukonazo hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu na kuchubua tumbo, za vidonge na hata sindano, isipokuwa aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari wa moyo mwenyewe ameiandika. Maumivu yatulizwe kwa paracetamoli au dawa aliyopewa hospitali, kwa dozi iliyoandikwa. Dawa yoyote mpya ya hospitali, hata ya malaria, uliza: "Nakunywa warfarini, INR nirudie lini?" Kwa kawaida ni ndani ya siku 3 hadi 5.

Dawa za asili zisitumike kipindi hiki. Tangawizi na kitunguu saumu kwenye mchuzi havina tatizo. Unga wa mlonge kijiko asubuhi na jioni, mafuta ya habasoda, mchanganyiko wa mizizi kwenye chupa ya soda: hivyo vinaivuruga INR bila wewe kujua vimeipeleka wapi. Pombe pia.

Mboga za majani zina vitamini K, inayofanya kazi kinyume na warfarini. Wengine hukimbilia kumkataza mgonjwa mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki. Hilo ni kosa, na linamnyima mtu anayejenga mwili chakula bora na cha bei nafuu. Kinachotakiwa ni kiasi kisichoyumba. Kama ni bakuli dogo kila siku, iwe hivyo kila siku, na dozi itapangwa kuendana nalo. Kinachovuruga ni wiki nzima bila jani, halafu sufuria la kisamvu Jumapili.

Hatua ya 7: Dakika tano za kila asubuhi

Akishakwenda haja ndogo na kabla ya kunywa chai, pima uzito, joto na mapigo ya moyo kwa dakika nzima, andika. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 1 usiku mmoja, au zaidi ya kilo 2 ndani ya wiki, yale ni maji, si unene. Bonyeza mbele ya mguu kwa kidole gumba: shimo likibaki, maji yapo. Piga simu hospitali, msijiongezee vidonge vya kukojoa.

Chumvi ndiyo inayoyavuta maji hayo. Pika chakula cha nyumba nzima kwa chumvi kidogo, ladha iletwe na ndimu, nyanya, kitunguu, karoti na nazi. Ng'onda, dagaa wa chumvi na vipande vya kuungia supu viwekwe mbali. Mayai, samaki wabichi, maharage na maziwa vinasaidia kuunga mwili. Akifunga choo, asijikamue: papai, maji ya kiasi alichoruhusiwa, na ikishindikana dawa ya kulainisha choo kutoka hospitali.

Hatua ya 8: Homa si malaria peke yake

Sisi tumelelewa na malaria. Mtu akipata homa tunapima, au hatupimi kabisa, tunanunua dawa. Kwa mwenye valvu mpya, tabia hiyo inaweza kumuua. Bakteria wakiingia kwenye damu hukaa kwenye valvu na kuila taratibu, na mwanzoni dalili ni homa tu, jasho la usiku na uchovu.

Joto likifika nyuzi 38, nendeni kituoni. Malaria ipimwe, ndiyo. Lakini mwambieni daktari kwa sauti kwamba ana valvu ya bandia, na ombeni damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha vijidudu kabla hajapewa antibayotiki yoyote. Antibayotiki ya dukani ya siku mbili hutuliza homa na kuficha vijidudu kwenye kipimo, huku valvu ikiendelea kuharibika.

Kwa sababu hiyo hiyo meno ni sehemu ya moyo. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa mswaki laini. Kabla ya kung'oa jino au kusafishwa meno, daktari wa meno aambiwe kuhusu valvu ili ampe antibayotiki ya kinga saa moja hivi kabla, na aambiwe kuhusu warfarini ili INR ipimwe kwanza.

Na sindano ya penisilini ya kila baada ya wiki 3 au 4 inaendelea. Wengi husema, "Si valvu imeshabadilishwa?" Imebadilishwa moja, au mbili. Zilizobaki ni za kwake, na homa ya baridi yabisi ikirudi itazishambulia. Muuguzi anayemchoma aambiwe kuhusu warfarini, kisha pabanwe kwa pamba dakika 10 bila kusugua.

Hatua ya 9: Kutembea

Wiki ya kwanza, dakika 5 ndani ya uwanja, mara nne au tano kwa siku. Ongeza dakika mbili tatu kila baada ya siku chache. Kufikia wiki ya sita wengi huweza dakika 30 mfululizo. Tembeeni asubuhi kabla jua halijapanda, barabara isiyo na mlima. Kipimo ni mazungumzo: akiweza kukusimulia jambo huku anatembea, mwendo ni sawa. Akikatiza maneno kutafuta pumzi, simameni. Siku moja ataweza sana, kesho yake ashindwe kabisa. Usimkaripie wala usiogope, kupona kwa moyo hakuendi kwa mstari ulionyooka.

Kazi ya kukaa mezani au shule, wiki 6 hadi 8. Jembe, ujenzi na mizigo, si kabla ya miezi 3 na ruhusa ya daktari. Tendo la ndoa linafuata kanuni rahisi: akiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema, kwa kawaida anaweza, ila mkao usimwekee uzito kifuani.

Hatua ya 10: Machozi, ndoto na wageni

Wiki ya pili mdogo wangu, ambaye tangu utoto sijawahi kumwona akilia, alilia kwa sababu chai ilipoa. Alikuwa na ndoto mbaya, anasahau maneno, hataki kula, kila kitu kina ladha ya bati. Hii huwapata wengi baada ya upasuaji mkubwa wa moyo, na kwa kawaida hupungua wiki hadi wiki. Usimwambie "jikaze, wewe mwanaume". Kaa naye. Kama baada ya wiki sita bado hataki kuongea wala kutoka, au anasema bora angekufa, hilo nalo ni ugonjwa unaotibiwa, mwambie daktari, na aliyesema hivyo msimwache peke yake.

Wageni wataletwa na upendo, na wataletwa wengi. Sisi tuliweka saa: kumi hadi kumi na moja jioni, watu watatu watatu, mwenye mafua asubiri nje. Kukumbatia hakuna, mkono unatosha, na mikono inaoshwa mlangoni. Mama alisimamia mwenyewe, kwa sababu mtu mzima akisema hakuna anayekasirika.

Jambo la wanawake lisiachwe kwa aibu. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Uzazi wa mpango uzungumzwe kliniki mapema, kabla ya kurudi kwa mume. Siku zikichelewa, apime mimba mara moja, na ikiwepo aende kliniki ya moyo siku hiyo, asiache dawa mwenyewe. Hedhi inaweza kuwa nzito kuliko zamani. Akijaza pedi kila saa, ni dharura.

Hizi hazisubiri asubuhi

Mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kuvurugika, jicho kupoteza nuru ghafla, hata kama vimepita baada ya dakika chache. Maumivu makali ya kichwa yaliyokuja ghafla, au kujigonga kichwa hata kama anaonekana mzima. Kushindwa kupumua akilala chali, kuzimia, moyo kwenda mbio bila kutulia. Choo cheusi kama lami, mkojo wa damu, kutapika damu, pua kutoka damu zaidi ya dakika 10 ukiwa umeibana. Uchovu unaozidi kila siku pamoja na kukosa pumzi, kwa sababu maji au damu inaweza kujikusanya kuuzunguka moyo wiki kadhaa baada ya upasuaji. Na ule mlio wa valvu ukizibwa ghafla au ukitoweka kwa mtu ambaye ulikuwa unasikika vizuri.

Bebeni daftari, kadi na dawa zote kwenye mfuko mmoja ulioning'inizwa mlangoni tangu siku ya kwanza.

Siku ya kliniki ya wiki ya nane daktari aligeuza kurasa za daftari letu moja moja, akaweka kidole kwenye ile wiki ya Flagyl, akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza. Akambonyeza mdogo wangu kidari pande zote mbili, akamwambia akohoe, akasikiliza. Ruhusa ya ndoo hakumpa siku hiyo. Alimpa ya kurudi chuoni, na akaandika tarehe ya INR inayofuata.